Maswali mnayotuuliza: vijana wa Moshi na utafiti wa mawasiliano ya chanjo

Maswali yaliyo hapa hatukuyatunga mezani. Tumeyaokota vijiweni, kwenye vikao vya wazazi, mlangoni mwa zahanati, na mengine ndani ya daladala, pale abiria anapoliona daftari lako na kuuliza unaandika nini. Tumeyaacha na ukali wake. Ninayejibu ni mratibu wa kikundi kidogo cha vijana ambacho watafiti wa afya hukiita kiwasaidie; niliingia kama mhojiwa, baadaye nikashika kinasa sauti mwenyewe. Nikiandika "sisi" ni kikundi. Nikiandika "mimi", lawama ziletwe kwangu.

Utafiti wa chanjo? Si ndiyo mnakuja kutujaribishia sindano?

Hapana. Hatuchomi, hatutoi damu, hatuna hata boksi la barafu. Tunachochunguza ni maneno: nani anamwambia nani kuhusu chanjo, kwa lugha ipi, na aliyeambiwa amebaki na nini kichwani akifika nyumbani.

Lakini simcheki anayeuliza hivyo. Neno "utafiti" likikaa jirani na neno "chanjo", mtu yeyote atashtuka, na tafiti za kujaribu chanjo zenyewe zipo kweli. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa katika nchi saba za Afrika, na kwa Tanzania vituo vilikuwa Bagamoyo na Korogwe, huko njia ya Tanga. Mwanza, wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 walishiriki utafiti uliolinganisha dozi moja, mbili na tatu za chanjo ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Matokeo yao, pamoja na ya tafiti za nchi nyingine, yalichangia Shirika la Afya Duniani kukubali mwaka 2022 kwamba dozi moja inaweza kutosha. Aprili 2024 Tanzania ikahamia dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Binti wa Pasua anayechomwa mara moja badala ya mbili ana shukrani za kutoa kwa mabinti wa Mwanza asiowajua.

Hizo ni tafiti za sindano. Sisi tuko upande wa maneno.

Chanjo si mambo ya watoto wachanga na mama zao? Vijana wanaingiaje?

Kwa miaka mingi ndivyo ilivyokuwa. Chanjo ilikuwa kadi ya kliniki, mama, na mtoto mgongoni ambaye hakuulizwa chochote. Chanjo ya HPV imemwendea msichana anayejua kusoma, anayeuliza, na anayeweza kujifungia chooni siku wauguzi wanapokuja shuleni.

Na sisi wa Kilimanjaro tuliipata mapema. Ilianzia mkoani kwetu mwaka 2014, nchi nzima ikafuata 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Wakati ule mkoa ulisemwa kuwa wa "majaribio", na neno hilo limetusumbua hadi leo. Kilichokuwa kinajaribiwa ni namna ya kuifikisha chanjo shuleni na vituoni, maana chanjo yenyewe ilikuwa imeshaanza kutumika nchi nyingine miaka kadhaa kabla. Lakini nani alikuwa amekaa na mama mwenye genge la nyanya Mbuyuni akamweleza tofauti hiyo?

Kisha kuna simu. Bibi wa Kibosho akisikia habari ya afya redioni au kanisani, anamwita mjukuu amwangalizie kwenye simu. Mjukuu akisema "achana nayo, bibi", imekwisha. Bango la wizara halina nguvu hiyo.

Kijana kwenu ni wa umri gani?

Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya 2007 inasema miaka 15 hadi 35. Shirika la Afya Duniani likitaja vijana balehe linahesabu 10 hadi 19. Kila utafiti huchagua wa kwake. Tunachogomea ni kumketisha baba wa miaka 34 na binti wa 14 kwenye mjadala mmoja. Binti atajibu "ndiyo" kwa kila kitu mpaka soda ziishe.

Tukikubali, tunafanya nini hasa?

Kazi ya kwanza ni kuokota maswali. Unapewa daftari, na kwa wiki mbili unaandika kila swali au neno ulilosikia kuhusu chanjo: saluni, kwenye bomba la maji, baada ya ibada, kijiweni. Unaliandika kama lilivyosemwa. Usilisafishe. Mtu akisema "hiyo sindano ya wazungu ya kutupunguza", andika hivyo hivyo. Ukiandika "mwananchi ana wasiwasi kuhusu usalama wa chanjo" umeshatupa nusu ya habari. Jina la msemaji haliandikwi.

Ya pili ni kujaribu ujumbe kabla haujachapwa. Unamsomea mtu kipeperushi, unakifunika, kisha unamwambia: "Hebu nieleze wewe, kwa maneno yako." Hapo ndipo watu wazima hushangaa. Kipeperushi kimoja kilikuja na "saratani ya shingo ya kizazi", maneno ambayo hospitalini yanatamkwa kila siku. Mvulana wa darasa la saba alisikiliza vizuri, akashika koo lake, akauliza kama inaanza kwa kukohoa. Hakuwa mjinga. Aliambiwa shingo, akaelewa shingo. Tulipojaribu "mlango wa kizazi" hakuna aliyeshika koo, ila wasichana wawili waliuliza mlango huo unafungwa na nani, na swali hilo litarudi huko mbele.

Baadaye zinakuja kazi ndefu: kuhoji, kunakili kilichorekodiwa neno kwa neno, kisha kuchambua. Kuchambua kwetu huanzia sakafuni. Tunakata nukuu kwenye vipande vya karatasi, tunazitawanya, tunaanza kuzipanga mafungu na kugombana. Mtafiti ataweka "hawana elimu ya chanjo" juu ya fungu, kijana wa Njoro atasema hapana, hawa elimu wanayo, wasichokuwa nacho ni imani na aliyeleta. Ugomvi huo kwangu una thamani kuliko dodoso mia tatu.

Mzunguke weee, lakini mtuambie: ni kweli inafunga kizazi?

Hapana, haifungi. Ndani ya chanjo ya HPV kuna maganda ya protini yenye sura ya nje ya kirusi, bila kirusi chenyewe. Yanaufundisha mwili kumtambua adui kabla hajafika. Aina mbili za HPV, ya 16 na ya 18, kwa pamoja husababisha takribani asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi, na hiyo ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Chanjo haiendi kwenye mayai wala kwenye mfuko wa uzazi.

Sasa nikae kidogo kwenye uvumi wenyewe, kwa sababu hapa ndipo vijana walipotufundisha zaidi ya popote.

Mtaani kwetu ukisema msichana "amechoma sindano", watu hawafikirii chanjo. Wanafikiria sindano ya miezi mitatu, ile ya uzazi wa mpango. Neno lilikuwa limeshachukuliwa. Sasa wanakuja watu shuleni, mzazi hayupo, wanachoma sindano, wanachoma wasichana tu, wa umri wa kuvunja ungo, na ni bure. Panga vipande hivyo mezani uone mtu mwenye akili zake atafikia wapi. Na ukisema "mlango wa kizazi", umempa hadi mlango wa kufunga.

Kipande kimoja kilikosekana: kwa nini umri ule? Jibu ni kwamba HPV huambukizwa kwa kujamiiana, na chanjo hufanya kazi vizuri zaidi mwili ukiwa haujakutana na kirusi. Vipeperushi vingi vilivyopita mikononi mwetu vilikwepa sentensi hiyo kwa sababu ya aibu. Watu wazima waliona aibu, wakanyamaza, na uvumi ukapata pa kukaa.

Vijana walisema: semeni. Wakaanza kutafuta namna. "Kabla hajaanza kujamiiana" iliwafanya akina baba watoke nje ya ukumbi. "Kabla hajakutana na kirusi" ilipita kwa wengi. Binti mmoja kutoka Uru akaleta ya kwao: mfongo, yaani mfereji wa maji wa mlimani, husafishwa kabla maji hayajafunguliwa. Akina mama wa mlimani waliitikia kwa vichwa, wakaanza kusimulia zamu za kusafisha mfereji. Tukaipeleka Pasua, huku mjini, kwa furaha kubwa, wasichana wa pale wakatuuliza mfongo ni nini. Kwa hiyo ujumbe mmoja kwa Moshi nzima haupo, na anayekuuzia ujumbe wa namna hiyo hajapanda daladala la kwenda juu.

Jambo jingine waliloliona wao, wala si wataalamu: wasichana waliochanjwa mkoani mwetu kuanzia 2014 sasa ni wanawake wa miaka ya ishirini, na wapo wenye watoto. Mama akiwaona hao haulizi tena kuhusu kizazi. Lakini hapa tuligombana sana. Huwezi kumsimamisha dada wa watu mbele ya kikao na kumfanya ushahidi. Na asiyejaliwa mtoto je, naye asimame? Tulikubaliana kwamba anayetaka kusimulia atasimulia mwenyewe, kwa hiari, na hatutamtafuta.

Uvumi wa namna hii haukuzaliwa na HPV. Mwaka 2014 huko Kenya maaskofu Wakatoliki walidai chanjo ya pepopunda iliyolengwa kwa wanawake ina homoni ya kuharibu mimba, na Shirika la Afya Duniani na UNICEF wakasimama kusema ni salama. Kutoka hapa hadi Holili si mbali, na maneno hayagongewi muhuri mpakani.

Tunapojibu uvumi tunaanza na ukweli, tunautaja uvumi mara moja, tunaeleza kwa nini si sahihi, basi. Bango lenye herufi kubwa "JE, CHANJO INAUA KIZAZI?" humwachia mpita njia maneno mawili tu, na si yale uliyoyataka.

Kama ni ya wasichana, wavulana mnawaita wa nini?

Kwanza, HPV haichagui. Husababisha saratani za wanaume pia, za koo, njia ya haja kubwa na uume, ingawa si kwa wingi kama ile ya mlango wa kizazi. Serikali imeanza na wasichana kwa sababu ndiko vifo viliko, na wasichana wengi wakichanjwa kirusi hukosa njia hata kwa wavulana.

Pili, nenda kijiwe cha bodaboda saa nne asubuhi, abiria wakiwa wachache, usikilize. Kila habari ya mji inapita pale, na inaondoka na pikipiki kwenda Mabogini, Rau, Kiboriloni. Tulipowaacha wavulana nje ya mjadala wa kwanza, walitengeneza maelezo yao wenyewe, na yalikuwa ya kuchekesha kuliko yetu, ndiyo maana yalisambaa.

Mwanangu ana miaka 15, ameleta fomu ya utafiti wenu nisaini. Nikikataa?

Mama, baba, ukikataa imekwisha, na mtoto hapotezi kitu shuleni wala hospitalini. Kwa sheria yetu mtoto ni aliye chini ya miaka 18, kwa hiyo bila ridhaa ya mzazi au mlezi hatuanzi. Fomu iwe ya Kiswahili, isomwe mbele yako kama unataka, na ubaki na nakala.

Ila kuna upande ambao wazazi wengi hawautegemei. Ukisaini, mtoto naye anaulizwa peke yake, na akisema hataki, hakuna anayemlazimisha. Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa haki ya kutoa maoni na kusikilizwa katika yanayomhusu. Niliwahi kuona baba akisema "huyu atashiriki, mimi ndiye baba yake", na binti ametazama chini. Tulifunga daftari, tukanywa chai, tukaondoka.

Kabla ya kusaini, uliza kibali. Utafiti wa afya unatakiwa uwe umepitiwa na kamati ya maadili. Ngazi ya taifa iko chini ya NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na taasisi kama chuo kikuu cha KCMC zina kamati zao. Kisha kuna barua za mkoa, manispaa au wilaya, kata, hadi mwenyekiti wa mtaa. Mtu anayekuja bila barua hata moja, mwulize anatoka wapi.

Posho ipo?

Ipo nauli, na ipo fidia ya muda wako. Kiasi hutegemea bajeti iliyopitishwa, na lazima uambiwe kabla, si baada. Isiwe kubwa kiasi cha kumfanya mtu ashindwe kukataa, wala isiwe ndogo kiasi cha kumfanya agharamie utafiti wa watu. Fundi kushona wa Majengo akikaa nanyi asubuhi nzima, amepoteza gauni moja. "Hela ya soda" siyo jibu.

Msimamo wangu kwa hili hauwapendezi baadhi ya watafiti wanaotuita: kijana anayehoji, kunakili na kuchambua ni mfanyakazi. Apewe mkataba hata wa ukurasa mmoja. Mtafiti akiniambia vijana "wanapata uzoefu", namwuliza kama dereva wake naye analipwa uzoefu.

Nina magrupu mengi ya WhatsApp yenye maneno ya chanjo. Niwatumie picha za skrini?

Usitume. Walioandika mle hawakuongea na watafiti, waliongea na wenzao. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na habari za afya na za watoto ni miongoni mwa zinazotakiwa kulindwa zaidi. Tunachofanya: unakumbuka swali, unaliandika daftarini bila jina, namba, wala jina la grupu. Tukihitaji mazungumzo yenyewe, tunaomba ruhusa ndani ya grupu, na mmoja akikataa maneno yake hayaguswi.

Sijasoma sana, nauza mitumba Memorial. Si wanataka wanafunzi?

Wanataka wanafunzi kwa sababu wanafunzi ni rahisi kuwapata: unampigia mwalimu mkuu, unakuta darasa limeshakaa. Urahisi huo umeharibu tafiti nyingi. Msichana wa miaka 14 asiyekuwa shuleni, anayelea mtoto wa tajiri wake au kumsaidia shangazi kuuza chakula stendi, ndiye anayekosa chanjo ya shuleni, na ndiye ambaye hakuna anayemhoji. Wewe wa Memorial unamjua kwa jina. Njoo. Kama kuandika ni shida, tunarekodi sauti yako.

Mimi mwenyewe sina imani na hizo chanjo. Naruhusiwa?

Unaruhusiwa, na nakusihi usijifanye unaamini. Hii si kampeni. Kikundi cha watu wanaokubaliana wote kitatoa ujumbe unaowafurahisha wao tu. Tuna mwenzetu mmoja aliyeingia akiwa anapinga, na hadi leo kuna mambo hajakubali, lakini kila kipeperushi kinapita kwake kwanza kwa sababu anaona tobo kabla ya wote. Tunachomwomba mtu kama huyo ni kimoja: akiwa anahoji, asimgeuze mhojiwa kuwa mfuasi. Na anayependa chanjo tunamwomba hilo hilo, na kwa kweli huyu ndiye anayetusumbua zaidi.

Mbona COVID mlisema hivi, kesho mkasema vile?

Sisi hatukusema, lakini swali limetua kwetu kwa sababu tumevaa vitambulisho. Mwanzoni mwa 2021 msimamo wa serikali ulikuwa kutoleta chanjo ya COVID-19. Julai ya mwaka huo huo shehena ya kwanza ya Johnson & Johnson ilifika, na tarehe 28 Rais Samia Suluhu Hassan akachanjwa hadharani Dar es Salaam. Aliyekuwa kidato cha pili alisikia mambo mawili tofauti ndani ya miezi michache, yote kutoka juu.

Ushauri wa vijana ulikuwa kutoruka historia hiyo. Anayeanza na "kama tulivyosema siku zote chanjo ni salama" anapoteza ukumbi hapo hapo, hata kama anazungumzia surua. Kubali kwamba msimamo ulibadilika, kisha endelea. Watu wa Moshi wanajua biashara. Mtu akibadili bei wanataka kujua kwa nini.

Mwalimu hapa. Siku ya chanjo watoto walianguka, tukasema imewadhuru.

Kuzimia kwa hofu hutokea kwa rika hilo, na mmoja akianguka wengine hufuata. Ndiyo maana hukalishwa dakika kama 15 baada ya kuchomwa. Wapeni chai asubuhi, wasipangwe foleni ya kuona sindano ya mwenzao, na mtoto yeyote ambaye hali yake haikai sawa apelekwe kituoni bila kusubiri kikao.

Kijana akihojiwa akafunguka jambo zito, la kudhulumiwa mwili kwa mfano?

Mahojiano yanasimama. Ukizungumzia HPV unagusa ngono, na ukigusa ngono kuna watakaokumbuka yasiyosemeka. Anayehoji anafundishwa kabla kwamba siri ina mpaka: mtoto akiwa hatarini, jambo hilo linapelekwa kwa msimamizi, ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Namba 116 ya msaada kwa mtoto hupigwa bure. Mhojaji mwenyewe naye aulizwe asubuhi amelalaje. Mimi sikuulizwa mara ya kwanza, nikabaki nalo wiki nzima.

Sisi ni watafiti. Tuwaite vijana katika hatua gani?

Kabla hamjaandika pendekezo la utafiti. Najua fedha hazijaja, najua haraka iliyopo. Lakini mkituita bango likiwa limeshachapwa, mmetuita kubandika, na gundi hata fundi anaweza kupaka. Roger Hart, alipoiandikia UNICEF mwaka 1992, alichora ngazi ya vipandio vinane vya ushiriki wa watoto. Vitatu vya chini alisema si ushiriki, ni kuwatumia, kuwapamba nao shughuli na kuwaweka kwa jina tu. Sare za fulana na picha ya pamoja ziko huko chini.

Mambo madogo ya hapa kwetu ambayo hayamo kwenye miongozo yenu: msije Novemba kutafuta kidato cha nne, wako kwenye mtihani. Msije Desemba mkadhani mmeipima Moshi. Desemba mlima umejaa watu wa Dar waliokuja kula sikukuu, na majibu yatakuwa ya Dar. Jumamosi asubuhi kuna Wasabato, Ijumaa mchana kuna swala. Msiweke kikao cha vijana wa Mabogini kwenye ukumbi ulioko Shanty Town, upande wa pili wa mji, halafu mwandike kwamba mahudhurio yalikuwa duni.

Na mrejesho. Kuna mradi mmoja, sitautaja, uliochukua sauti za vijana wetu miezi minne. Tulikuja kuona matokeo kwenye mtandao, kwa Kiingereza, nyuma ya malipo. Mmoja wa wale wasichana waliouliza mlango unafungwa na nani alikuta neno lake mle, limeitwa "dhana potofu". Sasa kabla ya kuanza tunaandikishana: matokeo yarudi kwa Kiswahili, kwenye ukumbi ule ule, kwa watu wale wale, na wawe na nafasi ya kusema "hapa mmetuelewa vibaya" kabla hayajaenda kokote.

Nikichoka katikati?

Unaondoka. Huulizwi sababu. Ukitaka na uliyosema yafutwe, sema mapema, kabla hayajachanganywa na ya wengine.

Nikija mara ya kwanza nije na nini?

Maswali matatu uliyoyasikia wiki hii kuhusu chanjo yoyote, kama yalivyosemwa, hata kama yana tusi ndani. Kalamu zipo. Kama umesikia moja tu, njoo nalo hilo moja.